Sufuri Tulizokubaliana

Uliniuliza Krismasi, Obuya, ukinyonyoa jogoo wa mama,
hii kazi yangu ya Kisumu ni kazi gani hasa,
kukaa na kompyuta na waya uliochomoza dirishani
kama papasi za mdudu anayenusa mvua.
Nikasema: nasikiliza.
Ukacheka. "Hata mbwa wetu anasikiliza, na halipwi."

Basi sikia.

Usiku huu mvua inanyesha Nandi tangu saa tisa ya mchana,
mnara wa simu wa Ahero umezimika,
na kile kisanduku tulichokifunga pamoja kwenye nguzo ya daraja
kinatuma, kila dakika kumi, kimo cha maji.
Kina betri ya kukesha na sauti ya mgonjwa.

Biti mia moja ishirini na nane zinaondoka Nyando.
Radi inazitafuna njiani.
Zinazonifikia si moja, si sufuri;
ni labda, ni nadhani ndiyo, ni sina hakika hata kidogo,
kila moja na uzito wa wasiwasi wake.

Redio ya baba ilikuwa koili na vumbi.
Yangu ni maandishi tu: nikitaka masikio mengine
nayaandika kabla chai haijapoa.

Kabla ya kutuma, kisanduku huzisuka biti mbili mbili,
kisha jozi kwa jozi, mara saba,
mpaka njia iliyokuwa na matope kila mahali
igawanyike: hapa pakavu kama sakafu ya simenti,
pale bwawa ambalo hata ng'ombe hageuki kulitazama.
Mama na ungo wake: haongezi punje, hapunguzi makapi,
anarusha tu, na vitu vinajitenga.

Penye ukavu tunapitisha habari.
Penye bwawa tunapitisha sufuri,
sufuri tulizogandisha siku ya kwanza, mimi na kisanduku,
na hakuna radi inayoweza kunidanganya juu yake.

(Sisi pia tunazo, Obuya.
Lile shamba la Awasi.
Mwaka ulioacha shule ili mimi nimalize.
Najua utanyamaza hapo, nawe wajua nitanyamaza,
na kwa hapo ndipo nasoma yote mengine unayosema.)

Nasimbua kwa zamu. Ya pili inaegemea ya kwanza,
ya tatu inaziegemea zote mbili.
Uongo mdogo wa mapema
hulalia msingi, na nyumba nzima ikaenda upande.
Kwa hiyo sikati shauri upesi.
Penye shaka nafuata ndiyo, nafuata na hapana,
nabeba hadithi nane, zisizidi, hadi mwisho.

Saa saba na dakika arobaini
mito minane ilipita chumbani mwangu.
Katika mmoja maji yalikuwa vifundoni.
Katika mwingine yalishaingia ghala la mpunga.
Wa tano ulikuwa na kina cha mita sitini na moja,
nikacheka peke yangu kama mwehu.
Niliupenda ule wa vifundoni. Ndio uliokuwa na uzito kuliko yote.
Hesabu ilinibembeleza: chukua huu, ukalale.

Lakini nyuma ya kila ujumbe huja biti nane za ukaguzi,
na mkaguzi huyo hali rushwa.
Huu sio. Huu sio.
Ule wa vifundoni: sio.
Ukabaki wa sita, niliokuwa karibu kuutupa.
Mita tatu na nukta nne.
Dakika kumi kabla ilikuwa mbili na kidogo.

Nikamwita Nasambu wa kituo cha pampu kwa redio ya mkononi,
nikamtuma kwako na baiskeli na tochi.

Saa kumi na moja, kelele, kisha sauti yake:
"Kaka yako amemhamisha mama. Na magunia. Na kuku.
Anauliza,
kati yako na mbwa, nani alisikia kwanza?"